Boksi la Obatala Chini ya Meza ya Kukatia

Nyinyi mnaobaki dukani mmeniuliza mara nyingi kwa nini lile boksi chini ya meza ya kukatia halitupwi. Nimekuwa nikiwajibu "liacheni lilivyo" kwa sauti ya kizee, maana nilikuwa na kazi mkononi. Sasa sina kazi. Nimekaa barazani kwangu Ngamiani, Tanga, mwezi wa tatu huu tangu nistaafu, na mke wangu ameshanikataza kupanga sahani kabatini kwa ukubwa. Basi nawaandikia, kabla hamjaletewa meneja mpya mwenye bidii ya usafi.

Nilianza mwaka 2002. Duka lilikuwa vyumba viwili chini ya jengo la ghorofa nne, hapo hapo Fereej Bin Mahmoud, Doha, kati ya fundi nguo na kijana wa karaki, ile chai nzito ya maziwa na iliki. Mashine ya kuchapa ilikuwa moja, kubwa kama kabati la bibi harusi, na aliyeijua alikuwa mmoja, Mfilipino aitwaye Nestor. Wote tulimwita Kuya, yaani kaka mkubwa kwa lugha yao. Mimi nilikuwa nimechapa miaka minane Tanga kwa mashine ya mkono, kwa hiyo niliingia kifua mbele. Kuya alinitazama, akanipa kitambaa na kuniambia nifute sakafu.

Baada ya wiki akaniachia kazi ya kwanza, kadi mia tatu za mwaliko wa harusi. Nikachapa, nikapanga, nikafunga vizuri. Kuya akachomoa moja, akaisoma, akaniuliza bwana harusi ni nani. Nikatazama. Jina la bibi harusi lilikuwepo na ukumbi ulikuwepo, lakini pale pa bwana harusi palikuwa peupe. Wino mweusi haukufika upande ule. Nilikuwa nimemwoza binti wa watu kwa karatasi, mara mia tatu.

Kuya hakunifokea. Alinyoosha kidole pale peupe, akasema neno lililonilea kazini miaka yote: "Rajabu, ukiona peupe pasipotarajiwa, kuna kitu hakijafika. Kitafute." Tangu siku ile nikawa adui wa peupe. Nilikuwa naweza kuingia mgahawani, nikaona pengo kwenye menyu, nikaenda kumwuliza mpishi ni chakula gani kimekosekana. Wenzangu walicheka, lakini kwa miaka kumi hakuna kazi yangu iliyorudishwa kwa sababu ya pengo. Shikeni hilo, mtaliona linakorudi.

Jambo la pili la kujua ni kidole changu. Mnalijua vibaya, maana Otieno wa kaunta amewaambia niliumwa na ngamia. Ukweli ni huu. Mashine ya kukatia karatasi ina vitufe viwili, ili mikono yote miwili iwe mbali na kisu kinaposhuka. Mwaka 2006 nilikuwa na haraka, nikakibana kitufe kimoja kwa utepe wa gundi ili nikate kwa mkono mmoja na kupanga kwa mwingine. Kisu kikachukua nusu ya kidole changu cha kati, mkono wa kushoto. Kilikatwa sawasawa, pembe mraba kabisa, na Kuya alikiri kwamba hajawahi kuona mkato safi vile. Msikibane kitufe. Ndilo somo lote, na ninalo mkononi.

Kuya alirudi kwao mwaka 2009. Aliniachia kioo chake cha kukuzia, kile cha kuangalia vitone vya wino, nami nikawa bwana wa mashine. Mashine yenyewe ilikuwa mpya, ya kompyuta, lakini kioo kilikuwa kile kile na peupe palikuwa pale pale.

Sasa niwaletee Akin.

Aliingia dukani mwaka 2012, Mnaijeria wa Kiyoruba, mrefu, miwani imeshikiliwa na uzi upande mmoja. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za mabomba ya hewa baridi kwenye majengo. Kutwa nzima mabomba, mwaka mzima mabomba. Alikuja kuchapisha ramani, akaziweka kaunta, na katikati ya mabomba pakawa na karatasi ambayo haikuwa ya bomba. Alikuwepo mwanamke amejikunja ndani ya bomba la hewa, vitambaa tisa vinapepea nyuma yake, anatoka kwenye kitundu cha ofisi ya mwizi mmoja mnene, anavuma kama kimbunga kilichokosa pa kupita.

Otieno aliichomoa kabla Akin hajaiwahi. "Aki ya Mungu, Mzee Rajabu, cheki! Huyu mama ametoka kwa AC!"

"Ni Oya," Akin akasema, amejaa haya. "Kwetu ni wa upepo na dhoruba."

Mazungumzo yetu na Akin yalikuwa kwa Kiingereza cha Doha, ambacho kila mtu huleta kipande chake. Nayaandika kwa Kiswahili, na nadhani yamependeza zaidi.

Kumbe alikuwa na daftari zima. Alikuwa amewachukua wale wakubwa wa kale wa Wayoruba, wale ambao wazee wake waliwaimbia na kuwatambikia, akawafanya mashujaa wa vibonzo, na akawaleta kuishi kwenye mji wa mchanga na minara kama wetu. Shango wa radi alikuwa fundi umeme mwenye shoka la makali mawili, na akikasirika mtaa mzima unakosa taa. "Kama kwetu Kayole tu," Otieno akasema, "sasa nimejua ni nani." Ogun wa chuma aliendesha tipa la mchanga na mbwa wake kaketi kiti cha abiria, amefunga mkanda. Oshun wa mto alikuwa na chupa ya chai iliyojaa asali, na popote alipomwaga tone, bomba lililokauka linatoa maji. Na Eshu wa njia panda alikuwa mpeleka vyakula kwa pikipiki, amevaa helmeti nyekundu upande huu na nyeusi upande ule, anazunguka raundabauti, na madereva wa pande mbili wanashuka kugombana aliyepita alikuwa wa rangi gani.

Jamani, tulicheka! Nilikuwa na miaka hamsini na kitu, na nilikaa juu ya boksi la karatasi nikicheka hadi fundi nguo akaja kuuliza nani amekufa. Tangu siku ile kila Alhamisi jioni Akin alikuja na kurasa mpya, karaki tatu zikaletwa, na mashine ikapumzika kwa sababu ambazo kwenye kitabu cha kazi niliziandika "matengenezo".

Kulikuwa na mmoja tu aliyemsumbua Akin. Huyo ni Obatala. Kwao Obatala ndiye aliyeumba miili ya watu kwa udongo, na nguo yake ni nyeupe, nyeupe tupu, haiguswi na rangi. Tatizo la Akin lilikuwa la Doha kabisa. "Mzee Rajabu," alinilalamikia, "nimchoreje shujaa wa kujulikana kwa nguo nyeupe, kwenye mji ambao nusu ya wanaume wamevaa kanzu nyeupe?" Mwezi mzima aliwaza. Halafu akaja mbio siku moja, miwani inaning'inia, akapiga meza: "Ndiyo nguvu yake! Hakuna anayemwona!" Obatala akawa mzee anayetembea katikati ya watu wenye kanzu, na majambazi wanamtafuta huku wanampisha njia.

Alitusimulia pia kisa ambacho nataka mkikumbuke. Siku moja Obatala alikunywa mvinyo wa mnazi kazini, mkono ukamteleza, watu aliowaumba siku hiyo wakatoka tofauti na wengine. Alipozinduka aliumia sana. Akaapa hatagusa mvinyo tena, na akasema wale wote ambao mkono wake uliteleza kwao ni wake, yeye ndiye mlinzi wao. "Kwa hiyo ni shujaa aliyewahi kuharibu kazi?" nikamwuliza. "Ndiye pekee aliyekiri," Akin akanijibu. Nikampenda Obatala kuliko wote, maana mimi ni mchapaji.

Mwanzoni mwa 2014 mkataba wa Akin ukawa unaisha. Akaja na ombi. Alitaka nakala mia mbili, kurasa ishirini na nne, za kubeba nyumbani. Lakini jambo lenyewe lilikuwa mama yake. Mama alikuwa mhudumu wa Obatala tangu usichana, hajavaa nguo ya rangi maisha yake yote. Aliposikia mwanawe anawachora wakubwa wale kama katuni, alikasirika, akadhani anawafanya vinyago vya watoto. Walibishana kwa simu miezi mingi. Mwishowe mama alikubali kukitazama kitabu, kwa sharti moja: Obatala asiguswe na rangi. Akiridhika, atakibariki. Asiporidhika, Akin ameapa kwamba daftari zote atazichoma na hatachora tena zaidi ya mabomba.

"Ulikuwa na haja gani ya kuapa?" nikamwuliza.

"Ni mama yangu, Mzee."

Na mimi nina mama.

Bosi wetu, Mzee Yusuf, Msudani mpole ambaye nyinyi wadogo hamkumkuta, ilibidi aombwe ruhusa kwanza. Alivaa miwani, akafunua ukurasa mmoja mmoja. "Hawa ni akina nani?"

"Mashujaa, mudiri," nikasema haraka.

Mzee Yusuf akamgeukia Akin. "Wanaabudiwa?"

Akin si mtu wa kudanganya. "Kwetu wapo wanaowaabudu."

Nilitazama sakafu. Mimi ni Mwislamu, na mimi pia nilikuwa nimelala usiku mmoja au miwili na swali hilo. Mzee Yusuf akafunua tena. "Na humu kitabuni, kuna mtu anawaabudu?"

"Hapana, humu wanafukuzana na wezi."

"Basi chapa wanaofukuzana," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Akin alituletea kurasa kwenye flashi siku ya Jumatano. Alikuwa anasafiri Jumamosi asubuhi. Nilichapa usiku ule? La, nilichapa mchana kweupe, Alhamisi, macho yakiwa mazima, ndiyo maana sina kisingizio. Ukurasa wa kwanza hadi wa ishirini na tatu zilitoka zinang'aa. Wekundu wa Shango ulikuwa wa kuunguza. Ukurasa wa ishirini na nne, wa nyuma kabisa, ulikuwa Obatala peke yake, amesimama ukurasa mzima, mji nyuma yake una rangi zote za dunia. Uso ulikuwepo, mikono ilikuwepo. Nguo haikuwepo. Kutoka shingoni hadi miguuni, patupu. Hakuna mkunjo, hakuna mstari wa mshono, hakuna kivuli. Peupe.

Miaka kumi na miwili ya lile neno la Kuya ikaniamkia kichwani. Kuna kitu hakijafika! Nikaona wazi kilichotokea: ile picha ya nguo imebaki kwenye kompyuta ya Akin. Masikini kijana, kwa haraka ya safari amemwacha mzee wa watu bila kanzu.

Otieno akapita. "Si umpigie simu, Mzee?"

"Yuko kazini, wanaacha simu getini. Na mimi sijui nguo nyeupe inavyokuwa?"

Nguo nyeupe kwenye karatasi, kwa macho ya mchapaji, haiwi nyeupe. Ina vivuli vya buluu kidogo na njano kidogo, kama shuka kambani. Nikakaa kwenye kompyuta, nikamshonea Obatala kanzu. Nikamtia mikunjo. Nikamtia kivuli cha buluu begani. Nilipoona bado kuna upweke kifuani, nikamtarizia shingo kwa uzi wa dhahabu, tarizi ya kwetu Tanga, ile ya Idi. Nilikuwa nimefurahi kweli, hata sharti la mama likanitoka kichwani. Nakumbuka nilikuwa naimba. Nikachapa mia mbili, nikakunja, nikapiga pini, nikakata kingo. Sikungoja atoke kazini nimpigie simu, na wakati wa kungoja ulikuwepo.

Akin alifika saa kumi na moja jioni. Akachukua nakala ya juu, akaibusu ile kava, akaigeuza.

Nilidhani atanishukuru. Akakaa sakafuni.

"Mzee Rajabu," akasema taratibu, "nani amemvika?"

"Mimi. Ulimsahau nguo."

"Hakuwa uchi. Peupe pale ndiyo nguo. Karatasi yenyewe ndiyo nguo yake. Niliiacha makusudi, isiguswe na wino hata kitone." Akapitisha kidole juu ya tarizi. "Na umemtia dhahabu."

Niliona haya ambayo sijawahi kuona, hata siku ya bwana harusi. Nilimwambia yote, la Kuya, la peupe, la simu ambayo sikuipiga, nikamwomba radhi. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alitoa simu akaitazama, kama mtu anayepima namna ya kumpigia mama yake, akairudisha mfukoni.

Sasa kazi. Nawaeleza kwa mpango ili mjifunze. Ukurasa wa nyuma uko kwenye karatasi moja na kava. Tukitoa pini mbili kwa kila nakala, tukavua ile karatasi ya nje, tukachapa nyingine na kuivisha, kitabu kinapona. Pini mia nne za kung'oa kwa mkono, mia nne za kurudisha. Hilo linawezekana. Lisilowezekana lilikuwa karatasi. Nyeupe zetu kubwa zilikuwa zimekwisha kwa kazi hiyo hiyo. Zilizobaki zilikuwa za rangi ya maziwa, za menyu. Na kesho yake ilikuwa Ijumaa, maduka ya karatasi yamefungwa, na Jumamosi asubuhi ndege inaruka.

"Za rangi ya maziwa haziwezi?" Mzee Yusuf akauliza.

Akin akatikisa kichwa. "Mama atajua."

Hapo Otieno akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Wazee, kwaya!"

Otieno aliimba sauti ya pili kwenye kwaya moja ya Waafrika Mashariki kule Mesaimeer, kwenye makanisa. Kwaya ilikuwa imenunua rimu mbili za karatasi kubwa, nyeupe pepe, nzito, kwa ajili ya kitabu chao cha nyimbo ambacho duka letu lingekichapa mwezi ujao. Zilikuwa kabatini, huko huko Mesaimeer. Mwenye ufunguo alikuwa mwalimu wa kwaya, Mama Perpetua wa Kakamega, aliyelea watoto wa watu wiki nzima na kulea waimbaji Ijumaa.

Ijumaa asubuhi nilikwenda na Otieno mwenyewe. Nilisimama nje ya ukumbi na kofia yangu ya viua kichwani, nikingoja wimbo uishe. Mama Perpetua akatoka, jasho linamtiririka, amevaa joho jeupe la kwaya. Nilimweleza kosa langu lote bila kuficha, maana nilishachoka kulibeba.

"Kwa hiyo baba," akasema, "unataka karatasi za nyimbo za Bwana, ukachape mzee wa Kinaijeria anayefukuza wezi?"

"Ndiyo, mama. Nitazirudisha wiki ijayo."

"Na mama yake huyo kijana anamngoja na kitabu?"

"Anamngoja."

"Karatasi ni za Bwana. Lakini Bwana hakusema anazitaka lini." Akavua ufunguo shingoni. "Hizo pini mia nne, mnang'oa wangapi?"

"Watatu."

"Na vidole tisa na nusu, naona." Akageuka, akapaza sauti: "Sauti ya kwanza na ya pili, kabla ya ibada ya jioni tunakwenda mahali!"

Basi la kwaya lilisimama mbele ya duka saa saba unusu. Walishuka kumi na wanne, wote kwenye majoho meupe, maana saa kumi walikuwa na ibada nyingine na hapakuwa na muda wa kubadilisha. Wakajaa dukani, wakajaa kibarazani, wakakaa juu ya maboksi na kwenye ngazi za fundi nguo, kila mmoja na kichomoa pini, kijiko, au kikata kucha. Nilikuwa nawika kama jogoo: "Msiiguse mashine! Msiegemee wino! Wewe dada, nyuma, nyuma, joho hilo!" Hawakunisikiliza, wanaimba. Pini zikawa zinadondoka kwenye bakuli kwa mapigo ya wimbo. Mara mmoja anasimama kusoma kisa cha Eshu na helmeti, wote wanaacha kazi wanacheka, Mama Perpetua anapiga makofi, "Kazi! Kazi!", wanaanza tena. Mzee Yusuf aliyekuja baada ya swala alisimama mlangoni, akahesabu vichwa, akatoka, akarudi na karaki kumi na nane.

Akin alifika katikati ya hayo. Hakutumaini kwamba karatasi zimepatikana, wala hakujua kwaya imekuja, alikuja kuchukua zile nakala zilizoharibika ili aondoke nazo hivyo hivyo. Akafungua mlango akakuta duka zima limejaa watu wenye nguo nyeupe tupu, wanamtengenezea Obatala wake. Aliishika fremu ya mlango. Halafu akacheka, na machozi yakamtoka, na akaendelea kucheka, na Otieno akampa kikata kucha.

Mimi nilikuwa kwenye mashine. Nilifuta kanzu yangu ya dhahabu, nikarudisha ukurasa kama Akin alivyouleta, nikaweka karatasi ya kwaya. Ya kwanza ikatoka. Nikaiinua, nikaweka kioo cha Kuya jichoni, nikapita juu ya lile peupe. Hakuna kitone. Na sasa kwa kuwa sikuwa na haraka ya kujaza kitu, nilitazama mengine. Nikashuka hadi kwenye mikono ya Obatala, ile mikono iliyoumba watu.

Kidole cha kati cha mkono wa kushoto kilikuwa nusu. Kimekatwa sawasawa, pembe mraba.

Nilimtazama Akin. Alikuwa ananitazama muda wote. "Niliona haya kukuambia," akasema. "Nilifikiri utakiona mwenyewe."

Jana yake nilikuwa nimeuinamia mkono huo saa nzima, nikihangaika na tarizi. Nikaenda chooni, nikanawa uso, nikarudi, nikachapa mia mbili. Saa tisa na nusu zilikuwa zimevishwa, zimepigwa pini, zimekatwa. Kwaya ikapanda basi ikienda kuimba, na hakuna joho hata moja lililopata doa, jambo ambalo mpaka leo nalihesabu kuwa ufundi wangu mkubwa kuliko wote. Zile karatasi mia mbili za kanzu ya dhahabu Mzee Yusuf alitaka zikasagwe. Akin akachukua moja, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni.

Wiki mbili sikusikia kitu. Nilifanya kazi, lakini nilikuwa nasikia simu zisizolia. Nilimwogopa mama ambaye sijapata kumwona.

Akin alipiga simu siku ya Jumapili mchana, nikaweka sauti kubwa ili Otieno na Mzee Yusuf wasikie. Mama alikuwa amekitazama kitabu siku mbili. Siku ya tatu akaufungua ukurasa wa nyuma, akalala na kitabu kifuani. Amekibariki. Otieno alipiga kelele, nikamzuia, maana Akin alikuwa anaendelea.

"Halafu nikamwonyesha na ile nyingine, Mzee. Nilimweleza yote. Akaniuliza, mkono huu wa nusu kidole ni wa nani? Nikamwambia ni wa mchapaji. Akauliza, na huyu aliyemtia dhahabu ni nani? Nikamwambia ni huyo huyo. Mzee Rajabu, mama alicheka hadi nikamletea maji. Anauliza zile nyingine ziko wapi."

"Ziko kwenye boksi, zinangoja kusagwa."

"Anasema msizisage. Zilizoteleza mkono ni zake Obatala, anazilinda mwenyewe. Na anasema wewe pia ni wake."

Mzee Yusuf alinitazama juu ya miwani, akingoja nitajibu nini. Nikalitazama boksi, nikalisukuma kwa mguu chini ya meza ya kukatia, pale mnapolikuta mpaka leo.

"Msalimie sana mama," nikasema. "Mwambie mimi ni mja wa Mwenyezi Mungu peke yake, na boksi halitatoka hapa. Ila ile nusu ya kidole changu, kama Obatala ameiokota, aniwekee."